Lita Mbili Kila Saa

Tongoni,
Jumatano.

Kwa kaka yangu Mwinyijuma,

Shikamoo. Nakuamkia weye na shemeji na wote mlio hapo Mwera, na ule mguu wako natumai umeanza kukanyaga bila fimbo. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mwanamkasi kikohozi kimemwachia, na watoto wanakula mpaka sufuria inalia. Simu ninayo na vocha ninayo, lakini kwenye simu ungenikatiza katikati kama ilivyo ada yako, na habari hii nataka uipate nzima. Ndiyo maana nimeketi nikaandika, na huyo Mwanamkasi, mke wangu, ndiye atakayekukabidhi mkononi.

Umeniuliza mara mbili kwa nini nimeacha kazi kwenye banda ambamo weye mwenyewe ulikamua ng'ombe miaka kumi na moja, kisha ukaniombea nafasi. Sikukujibu. Ngoja nianze na Taizoon, mtoto wa marehemu Mzee Shamsuddin.

Mzee yule unamkumbuka. Alikuwa akiingia bandani alfajiri, kanzu kaikunja kiunoni, anamshika ng'ombe masikio kujua kama ana homa. Huyu mwanawe anakuja saa nne, kajipulizia manukato mpaka ng'ombe wanapiga chafya, na anasimama mlangoni asije akakanyaga kinyesi. Majina yote aliyoyatoa baba yake kayafuta. Kidawa sasa ni Namba Nne, Siti ni Namba Saba. Wiki yake ya kwanza aliniuliza kwa nini mtamba hatoi maziwa ilhali ni jike. Nikamwambia mtamba hajazaa bado. Akaandika kwenye simu yake, wallahi, kama mtu aliyepewa siri.

Mwezi wa Januari, na joto lile ulijualo, huyo msomi wa simu akamwona mtu wa nchi za mbali anayesema kuwa ng'ombe akila chumvi nyingi hunywa maji mengi, na akinywa maji mengi hutoa maziwa mengi. Basi akaleta chumvi kwa magunia, akaniamuru nichanganye kwenye pumba, kopo zima kwa kila ng'ombe, asubuhi na jioni. Nikamwambia baba yake alikuwa akiwatundikia jiwe la chumvi walambe wenyewe, kila mmoja kwa haja yake. Akanijibu kuwa baba yake alikuwa mtu wa zamani, na kwamba kazi yangu miye ni mikono, kichwa anacho yeye. Nikachanganya. Ng'ombe walikunywa kweli, wakakojoa mfereji ukafurika, na maziwa yakabaki yale yale.

Alhamisi moja pampu ya kisima ikaungua. Nikampigia, akasema fundi atakuja kesho. Kesho ni Ijumaa, fundi hakuja. Nilikwenda kwa majirani na ndoo, nikapata maji ya kulowesha midomo tu. Ng'ombe wanane, kaka, kwenye jua la Tongoni! Nikamuuliza Taizoon kama niache kuwapa zile pumba za chumvi, akasema zimeshachanganywa, zisiharibike. Nikawapa. Hilo nalo ulishike, maana mkono uliowapa ni huu unaoandika.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Siti kaegemeza kipaji cha uso ukutani anasukuma, kana kwamba ukuta ni mlango. Kidawa anasaga meno, macho wazi lakini hanioni. Nilipitisha kiganja mbele yake asipepese. Majirani walikuja, huyu anasema upepo, yule anasema kijicho, na hakuna hata mmoja aliyekuja na ndoo. Nikampigia afisa mifugo.

Akaja binti wa bara, anaitwa Blessing. Mfupi, kavaa buti za mpira zilizomzidi, anatembea kama bata. Nilimtazama nikasema moyoni, haya, tumeletewa mtoto wa shule. Akauliza wanakunywa nini, wanakula nini, tangu lini. Akachovya kidole kwenye pumba, akaonja, akatema. Halafu akaniambia maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo:

"Chumvi imewajaa kwenye damu mpaka kwenye ubongo, mzee. Maji wanayahitaji, lakini yakiingia mengi kwa mara moja yatakimbilia kule kwenye chumvi, ubongo utavimba, na fuvu halitanuki. Kila ng'ombe lita mbili, kila saa. Hata wakilia."

Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia miye nilishika kiwele kabla mama yake hajaolewa, na ng'ombe mwenye kiu dawa yake ni maji, hilo halitaki cheti. Hakukasirika. Akanijibu, "Najua unawajua kuliko mimi. Ndiyo maana nakuomba wewe ndiye uwanyweshe." Akawachoma sindano za kutuliza, akampigia Taizoon mwenyewe aagize boza la maji, na maji tuliyokuwa nayo akawapa zamu ya kwanza kwa mkono wake, jagi kwa jagi. Kisha akapanda pikipiki kwenda mjini kutafuta dawa aliyosema hakuwa nayo. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

Aliporudi alasiri, Siti alikuwa chini, miguu inapiga kama anaogelea. Kidawa akafuata. Mpaka jua linazama walikuwa wamekufa watano. Taizoon akatokea na manukato yake, akaziba pua, akapiga kelele kuwa sindano za yule binti ndizo zilizowaua. Si chumvi yake, si pampu yake, la hasha. Majirani wote wakaafiki, maana mtu mwenye gari husadikiwa upesi. Binti hakubishana. Alikaa na wale watatu waliobaki mpaka asubuhi, na jagi lake, na saa yake ya mkononi, lita mbili, lita mbili. Wakapona.

Malalamiko yakafika kwa wakubwa wake. Nikaitwa niseme. Wakaniuliza kama niliwapa ng'ombe maji zaidi ya alivyoagiza. Nikasema hapana. Wakaandika, nikatia sahihi. Wakamwondoa kwenye kazi za vijijini, wakamweka ofisini akisubiri kujadiliwa. Na weye kaka, nasikia ukaisimulia habari hiyo, kama nilivyokupa miye, msikitini hapo Mwera baada ya sala, jinsi mabinti wa vyeti wanavyoua mifugo ya watu, ukanitaja miye kuwa ndiye niliyemwonya.

Sasa kaa vizuri.

Boza lilifika mara baada ya Adhuhuri. Ng'ombe waliposikia maji yanamwagika kwenye tangi walianza kulia, kilio sijapata kukisikia kwa mnyama. Kidawa alinilamba mkono uliolowa mpaka ngozi ikaniwasha. Nilikuwa nimeshika jagi la yule binti. Nikalitupa. Nikafungua koki, nikajaza kihori mpaka juu, nikawaambia kunyweni.

Ukitaka unitetee utasema nilifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo, lakini si nyingi. Nilitaka yule binti wa buti akirudi awakute wamesimama wanacheua, nami niwe nimekaa kivulini nimwamkie kwa adabu kubwa. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga. Walikunywa mpaka matumbo yakavimba, na kwa kama nusu saa walitulia, nami nikacheka peke yangu bandani kama mwehu. Kisha Siti akaanza kutetemeka shingo.

Nikakipindua kihori. Nikamwaga yote, nikafuta kwa gunia. Blessing aliporudi aliona matope, akaniuliza, nikamwambia boza linavuja. Akanitazama kidogo, akageukia ng'ombe. Na unajua wale watatu ni akina nani? Ni mitamba wale wa mwisho wa banda, waliosukumwa na wakubwa wasifike kwenye kihori. Waliokosa maji yangu ndio walio hai.

Nimeishi mwezi mzima nikimdharau Taizoon, na bado namdharau, hastahili hata kufuga kuku. Lakini yeye hakujua. Miye niliambiwa, kwa Kiswahili, na mtu aliyeniheshimu.

Juzi Jumatatu nilikwenda Nguvumali anakopanga. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana sikuthubutu kukaa. Akauliza kitu kimoja tu: hao watano, kila mmoja alikunywa kiasi gani? Nikakisia. Akaandika kwenye daftari. Halafu akaniambia twende, nikaenda, nikayasema mbele ya mkubwa wake, nikatia sahihi nyingine. Hajanisamehe, wala sikumwomba.

Nikatoka hapo nikaenda kwa Taizoon, dukani kwao Ngamiani, nikamwambia naye. Unadhani alikasirika? Alifurahi! Akanishika bega, akasema basi chumvi yake haikuwa na kosa. Nikamwona ameshaanza kuitunga hadithi yake mpya, na ng'ombe watano wote nimembebea miye. Nikautoa mkono wake begani, nikaondoka. Hiyo ndiyo kazi uliyouliza kwa nini nimeiacha.

Kaka, sikuagizi mara nyingi. Ijumaa hii baada ya sala simama pale pale uliposimama, useme ulisimuliwa uongo na ndugu yako. Najua utaona haya. Nami niliona haya mlangoni kwa yule binti, na sikufa.

Nisalimie shemeji, mwambie vikapu vyake Mwanamkasi amevipenda. Wajukuu uwabusu, na jirani yako Idarusi mpe mkono wangu, ingawa akishasikia haya huenda asiupokee. Nakuombea afya na mguu wenye nguvu. Na hiyo Ijumaa ulitaje jina langu lote kama nilivyoliandika hapa chini, wasije wakadhani ni Zubeiri mwingine.

Ni miye mdogo wako,
Zubeiri bin Nasri bin Zahoro,
Tongoni.