Laraki na Jiko la Mama

Area D, Dodoma

Kaka Obedi,

Shikamoo. Natumaini huko Tunduma mnaendelea vizuri, wewe, wifi na watoto. Mimi ni mzima, ila nyumba ni kimya mno. Siku hizi naongea na redio, nayo hainijibu. Namba yako haipatikani, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa basi.

Shuleni nafundisha habari za Wasumeri, watu wa kale wa nchi ya Iraki, waliojenga miji yao kwa udongo. Wao walisema ufalme ulishuka kutoka mbinguni, ukawa unahama mji hadi mji tangu kabla ya gharika. Mji mmojawapo ni Laraki. Ulitoa mfalme mmoja tu, kisha ukaanguka, ufalme ukapelekwa mji wa Sipari. Hadi leo hakuna ajuaye Laraki ilikuwa wapi. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ufalme nao ulihama kwa awamu, kama serikali ilivyohamia Dodoma. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, kisha nikakukumbuka wewe.

Pasaka nilikwenda Bahi. Niliposhuka kwenye bodaboda niliitafuta nyumba yetu ya tembe nisiione. Nikapanda juu ya kitu nilichodhani ni kichuguu, nikamuuliza jirani yetu mama Ruthu kwetu ni wapi. Akanishika mkono, akaniambia nimesimama jikoni kwa mama. Mvua zilibomoa paa, kuta zikarudi kuwa udongo. Nililia, kaka, mtu mzima mimi.

Baba mdogo Bartolomayo na wazee walikuwa wakinisubiri. Waliuliza tena kama utarudi kukalia kigoda alichotawalia babu. Utemi ulifutwa zamani, lakini ukoo ukiomba mvua bado unakitazama kigoda kile, na mwanamke hakikalii. Miaka yote nimewajibu kwamba unakuja, nami nikakitunza chumbani kwangu tangu mama afariki.

Safari hii sikuwaahidi tena, nilirudi Dodoma kukichukua. Kaka, kigoda kimehamia kwa baba mdogo. Nilikipeleka mwenyewe, nimekipakata njia nzima, na chumba changu sasa ni kitupu.

Sikuiti uje kutawala. Njoo tu nikuonyeshe jiko lilipokuwa. Mama Ruthu amezeeka, na nikitangulia mimi, wanao wataambiwa tulitoka Bahi, basi, bila mtu wa kuwaonyesha mahali.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto waambie shangazi yao yupo.

Mdogo wako,
Edina