Chuo cha Bodo Kimefika Kentucky

Mama yangu mpenzi, Bi Mwanakombo,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, mama. Nakuona hapo umekaa ukingoni mwa kitanda, miwani umeishusha puani, na umeitika marahaba hata kabla hujaifungua bahasha. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyomtumia muuguzi wa Msambweni akuletee ilifika, au aliimaliza mwenyewe njiani? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nala vizuri, nalala vizuri, na ile baridi uliyokuwa ukiniombea dua imeondoka. Miti imetoa majani, nami nimeyavua yale makoti mawili niliyokuwa nikiyavaa pamoja mpaka nikawa kama gunia la nazi.

Umeona nimeiandika barua hii kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyonifundisha kukiandika Kiswahili chetu. Sababu ni moja tu: nataka uisome mwenyewe, asikusomee Bakari. Namjua ndugu yangu. Akifika mahali asipopapenda, ataruka. Tena yeye alitoroka chuo kabla hajamaliza juzuu ya kwanza, kwa hivyo hata akiiba barua hii mstari mmoja utamchukua mpaka magharibi. Pole, Bakari, kama umefika hapa. Na hongera pia.

Mama, ule ujumbe wa sauti ulioniletea kwa simu ya Bakari nimeusikiliza mara nyingi. Ulisema watoto wa chuo wamebaki wachache tangu ile shule ya chekechea ifunguliwe kando ya barabara, yenye sare na gari la manjano. Ulisema Bakari analitaka baraza aweke friji kubwa ya barafu ya samaki, na wewe umechoka, na chuo utakifunga. Hayo yote ningeyameza. Lakini ukamalizia hivi: "Hata hivyo, watoto wa siku hizi wanataka vyuo vya kweli, kama hicho chako." Neno hilo "vya kweli" lilinichoma, mama. Nilikwenda nalo kazini, nikarudi nalo. Basi nisikilize nikusimulie jambo lililotokea huku, kisha uamue. Chuo ni chako.

Kwanza niruhusu nicheke kidogo kuhusu hilo neno chuo. Nilipopata nafasi ya kuja huku nilikwambia, "Mama, nimechukuliwa chuoni." Nilikusudia chuo kikuu, nisomee ukutubi, yaani kazi za maktaba. Wewe ukasikia chuo kama chetu. Kabla wiki haijaisha, Bodo nzima ilijua kwamba Mwanasha amekwenda kuwasomesha Wamarekani Kurani. Shangazi Riziki akanipigia simu kutoka Msambweni: "Mwanangu, hao Wazungu herufi ya ain wanaiweza kweli? Wavumilie, usiwachape, koo zao hazijazoea." Khatibu naye akaniombea dua siku ya Ijumaa, watu wa msikiti mzima wakaitikia. Ningesema nini mimi? Nikaitikia amina.

Ukweli ni kwamba, sambamba na masomo, nafanya kazi katika maktaba ya mji mdogo, milimani, upande wa mashariki wa jimbo hili la Kentucky. Mkubwa wangu ni Bi Helen, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, ambaye akicheka lazima ashike meza. Mwaka huu alitaka tufanye maonyesho ya elimu ya jimbo: shule, vyuo na maktaba, vilianzaje na vimefikaje hapa. Kazi ya kusoma na kukusanya akanipa mimi. Nilipomuuliza kwa nini mimi mgeni, alisema, "Kwa sababu hapa ni wewe peke yako usiyejidhania unaijua tayari."

Laiti ungekuwa nami, mama! Kila nilichokisoma nilikuona wewe ndani yake. Shule zao za mwanzo zilikuwa chumba kimoja cha magogo, mwalimu mmoja, wakubwa na wadogo pamoja, na wote wakisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Watu waliziita shule za kelele. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Si ndivyo tunavyosoma pale barazani, kila mtoto na aya yake, na wewe katikati ya makelele yote humsikia aliyekosea? Mwalimu wao hakuwa na mshahara wa maana. Aliletewa mahindi, kuni, na nyama ya nguruwe (astaghfirullah, hapo niligeuza ukurasa), na usiku alilala kwa zamu majumbani mwa wanafunzi wake.

Yapo pia ya kuhuzunisha, sitakuficha. Watu weusi walipokuwa watumwa, wengi wao waliosoma walisoma kwa kujificha. Walipopata uhuru wakaanzisha shule zao wenyewe, nyingi makanisani, kwa michango ya watu ambao hata wao hawakuwa na kitu. Baadaye ikapitishwa sheria kwamba mweusi na mweupe wasisome pamoja, nayo ikadumu miaka mingi. Lakini katika mji mkubwa wa Louisville watu weusi walikuwa na maktaba waliyoiendesha wenyewe, na wakutubi weusi walitoka majimbo mengine kuja kujifunza kazi pale. Picha ya maktaba ile tumeitundika mbele kabisa. Kila asubuhi nikiufungua mlango nawaamkia walimu wangu wale: shikamooni.

Na wanawake wa farasi, mama! Wakati wa dhiki kubwa, kazi hakuna na chakula hakuna, serikali iliwalipa wanawake wa milimani kupeleka vitabu kwa farasi na nyumbu, hadi kwenye mabonde yasiyo na barabara. Mto ukijaa wanavuka, theluji ikianguka wanakwenda. Kitabu kikichakaa wanakata kurasa zilizo nzima, wanazibandika pamoja, wanaongeza mapishi na mitindo ya kushona ili akina mama wavutiwe. Nikazikumbuka juzuu zetu ulizozishona kwa uzi wa nyavu uliomwomba mjomba Nassoro. Yangu ilikuwa na harufu ya samaki mpaka nikahitimu.

Lakini lililonitoa machozi ni shule za mbalamwezi. Mwalimu mmoja, mwanamke, alifungua madarasa ya usiku kwa watu wazima wasiojua kusoma, akayapanga nyakati za mbalamwezi ili watu waione njia. Alitazamia wachache. Wakaja makundi kwa makundi, na wazee wa kutembelea fimbo wamo. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliomtia wazo hilo ni mama mmoja ambaye watoto wake walikuwa mbali, naye hakuweza kuzisoma barua zao. Mama, nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje nikalia, kisha nikafurahi kwa kuwa mimi nina mama ninayeweza kumwandikia.

Sasa nije kwenye kile kisa. Mwisho wa maonyesho Bi Helen alitenga ukuta mzima. Kila anayeingia anaandika kwenye kikaratasi jina la mahali alipojifunza kusoma kwa mara ya kwanza, anabandika. Akanitaka mimi nianze. Bila kufikiri nikaandika: Chuo cha Bodo. Kisha nikaenda stoo kuswali adhuhuri. Niliporudi nilikuta Bi Helen ameiuliza simu yake neno chuo ni nini, na simu ikamwambia ni mahali watu wanapopatia shahada. Kwa mapenzi yake akaliandika upya kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa za kupendeza, akalipandisha juu kabisa, sambamba na vyuo vikuu vya jimbo. Mama, hapo ukawa mkuu wa chuo kikuu na mimi msomi wake!

Kabla sijasema neno wageni wakaanza kuingia. Mmoja wao ni Mzee Walter, profesa mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata siku ya joto. Akausimamia ule ukuta, akavutiwa.

"Chuo cha Bodo," akasema. "Sijapata kukisikia. Kina wanafunzi wengi?"

"Si wengi. Mkuu wetu hapendi msongamano."

"Vizuri sana. Na masharti ya kuingia?"

"Mwanafunzi awe anaweza kukaa chini bila kumlilia mamake."

Akatikisa kichwa, nadhani aliona ni falsafa. "Ada je?"

"Nazi na kuni. Na samaki, wakipatikana."

"Majengo yake yakoje?"

"Ya wazi," nikamwambia. "Upepo unapita vizuri."

Hapo nilishindwa, mama. Nilicheka mpaka mtandio ukaniteleza. Nikawaeleza ukweli wote yeye na Bi Helen: kwamba chuo hicho ni baraza la nyumba yetu, chini ya makuti, mkeka mmoja mrefu na mbao za kuandikia, na mkuu wake ni mama yangu mzazi. Nikawaambia kwamba kwetu neno ni hilo hilo kwa mahali pa mtoto mdogo na mahali pa profesa, na kwamba watu wa zamani hata kitabu chenyewe walikiita chuo. Kisha nikanyoosha mkono nikishushe kile kikaratasi.

Bi Helen akaudaka mkono wangu. "Wacha," akasema. "Wiki zote hizi umenisomea habari za chumba kimoja na mwalimu anayelipwa kuni, ukaniambia hapo ndipo elimu ya jimbo hili ilipoanzia. Shule hizo zote ninazo kwa picha tu. Sasa nimepata moja iliyo hai, unataka kunishushia?"

Mzee Walter alikuwa ameshaandika kikaratasi chake, jina la shule fulani ya fahari. Akakikunja akakitia mfukoni, akaomba kingine. Akaandika: "Jikoni kwa bibi yangu." Baada yake ukuta ule ulijaa majiko, na mabaraza ya makanisa, na kibanda cha mchimba makaa mmoja. Chuo cha Bodo kiko juu ya vyote mpaka leo.

Iliyo hai, alisema. Sikuweza kumwambia kwamba mwenyewe anafikiria kuifunga.

Kwa hivyo nakuomba, mama, na kuomba si kukufundisha. Ile chekechea haisomeshi jioni. Gari la manjano likishawashusha, watoto wako huru, wanarandaranda tu. Badala ya asubuhi, anza baada ya alasiri. Goti likiuma, kaa kitini. Hakuna palipoandikwa kwamba mwalimu lazima akae mkekani. Na Bakari aiweke friji yake nyuma, karibu na tangi la maji. Kivuli kipo na umeme unafika, nimemuuliza fundi aliyeuvuta. Bakari, nakupenda, lakini barafu haihitaji baraza lenye upepo.

Nisalimie shangazi Riziki, umwambie ain wanaiweza, kinachowashinda ni jina langu. Mjomba Nassoro wa Mkwiro, aliyetupa uzi wa nyavu, mpe salamu zangu na umwambie uzi wake umesifiwa ng'ambo. Dada yangu Fatuma, muuza vitumbua, mwambie ndoto zangu nyingi ni za karai lake. Khatibu umshukuru kwa dua. Dua ilifika, ingawa ilikosea mlango kidogo.

Limebaki moja. Bi Helen anataka picha ya kuweka kando ya kile kikaratasi: baraza, mkeka, mbao, na wanafunzi wakisoma kwa kelele. Picha ya friji amesema hawezi kuitundika. Nilimuuliza kwa mzaha tu, hakujua nauliza kwa nini. Na jana Mzee Walter alirudi, tai shingoni, akaniuliza kwa adabu kabisa Chuo cha Bodo kinafunguliwa lini.

Nikamjibu: Jumamosi, baada ya alasiri.

Nimeshasema, mama. Usinifanye mwongo mbele ya watu.

Mwanafunzi wako, na mwanao,

Mwanasha