Hoho Alizoacha Bibi Persida

Kruškov Dol,
Nyumbani kwa Babu Svetozar,
Jumapili, 6 Oktoba.

Mpendwa Shangazi Rumena,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi. Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima huko Gothenburg, na kwamba mgongo wako umetulia kuliko ulivyoniandikia mwezi wa Agosti. Je, binti yako Teodora amepona kikohozi chake? Mwambie kitabu alichoniachia nimeshakisoma mara mbili, na ule ukurasa uliochanika nimeugandisha vizuri, hautatoka tena.

Sisi hatujambo. Baba na Mama wako mjini na kazi zao, huja hapa kila Jumapili. Mimi bado nalala huku kijijini kwa Babu tangu Juni, na shuleni nakwenda kwa basi la asubuhi. Walimu ni wale wale. Nimepata alama nzuri ya historia, ila mwalimu ameandika pembeni kwamba ingefaa niseme kwa sauti darasani. Ninajaribu.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliniomba niwe macho yako humu nyumbani, nikwambie kweli kama Babu anaweza kukaa hapa baridi hii, ili ukija Novemba kwa ibada ya miezi sita ya Bibi uwe umeshajua kama utarudi naye Uswidi. Ulisema chumba chake kimeshapakwa rangi. Nilimwuliza Baba nijibu nini, akasema, "Višnja ndiye anayekaa naye. Aandike Višnja." Kwa hiyo barua hii nimeianza mara nne nikaichana mara nne. Naogopa kuandika neno moja tu la haraka, kisha mzee ahamishwe kwa ajili yake, au aachwe peke yake kwa ajili yake.

Nimeamua nikueleze niliyoyaona, na mabaya sitakuficha.

Nianze na hayo mabaya. Zile siku arobaini za msiba zilipoisha mwezi wa Juni, wanaume wote wa ukoo walinyoa ndevu, Baba akiwa wa kwanza. Babu hakunyoa. Julai ikapita, Agosti ikapita, ndevu zikamfika kifuani. Kioo cha ukumbini tulichokifunika siku ile ya Mei Bibi alipotutoka kilibaki kimefunikwa kwa shuka lile lile. Kila asubuhi alichemsha kahawa, akamimina vikombe viwili, akanywa kimoja. Cha pili nilikimwaga mimi kabla ya kukimbilia basi, na mpaka leo hajaniuliza kinakwenda wapi.

Shambani hakutia mguu. Miche ya hoho, unajua, Bibi aliipanda kwa mikono yake wiki mbili tu kabla hajatutoka. Kiangazi chote niliimwagilia mimi, pamoja na jirani yetu Bibi Zagorka, ambaye kazi yake ilikuwa zaidi kunielekeza kutoka upande wa pili wa ua. Hoho zikakua, zikawa nyekundu, kubwa kuliko za mwaka jana. Mama alipomwuliza Babu ni lini tutapika ajvar, lile rojo la hoho la kuweka kwenye chupa kwa baridi, alijibu, "Kwa ajili ya nani?" Mama alilia garini, na mimi nilijifanya nasoma.

Katika nyumba zetu, Shangazi, mtu anayesema hataki chupa za baridi amesema jambo zito. Nililifikiria kwa wiki mbili.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Bibi Zagorka alinikuta uani. "Višnja, binti yangu," akasema, "hoho zenu zinaozea kwenye mti na nyinyi mnaziangalia kama picha ya ukutani. Hizo si za kutazamwa!" Niliona haya. Nikaenda kuchukua daftari la Bibi la mapishi, nikavuna ndoo saba, nikawasha kuni chini ya bamba la kuchomea. Babu alikuwa amekaa kwenye benchi lake chini ya mzabibu, ameupa moto mgongo.

Daftarini mambo yalikuwa mepesi. Bibi ameandika hivi: choma, funika, menya, saga, koroga mpaka kijiko kiache njia sufuriani. Nilichoma kila hoho mpaka ganda likawa jeusi. Nikazitia kwenye sufuria, nikazifunika zitoe jasho. Lakini katika kumenya, maganda yalining'ang'ania vidoleni vipande vipande. Nikazipeleka bombani nikaanza kuzisafisha kwa maji, moja moja, na zikawa safi kabisa. Nilijiona nimevumbua kitu.

"We! We mtoto! Unafanya nini hapo?"

Ilikuwa sauti ya Babu, na sikuwa nimeisikia kwa nguvu hiyo tangu Pasaka. Nusura niangushe bakuli.

"Naziosha, Babu. Maganda hayatoki."

"Anaziosha! Zagorka! Njoo uone maajabu, mjukuu wangu anaziogesha hoho! Mletee na sabuni basi, na taulo!"

Bibi Zagorka alikuwa ameshafika uani, maana hakuwa mbali. "Kumbe sauti unayo, mzee," akamwambia. "Miezi minne nakusalimia, unanijibu kwa kidevu."

"Ninayo ya kukuzidi wewe. Sogea, unanizibia moto."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akanipokonya bakuli. Akaniambia kwamba utamu wote wa hoho umo kwenye ule utelezi, nami nilikuwa naumwaga kwenye mfereji wa bata. Akaniambia Bibi angenikimbiza kwa ufagio mpaka kanisani. Nilimwambia daftari halisemi usioshe. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, akasema, "Halisemi kwa sababu hakuna mtu hapa aliyewahi kufikiria kuosha." Na akamenya. Vidole vyake vimekakamaa, lakini ganda lilimtoka zima kama soksi.

Tulikuwa tumefika ndoo ya nne alipouliza, "Za mbegu umeziweka wapi?"

Sikuelewa. "Za mbegu zipi?"

Hapo, Shangazi, ndipo nilipojua kosa langu la kweli, na lile la kuosha lilikuwa dogo. Bibi kila mwaka alichagua hoho nzuri kuliko zote kabla moto haujawashwa, akazitenga, akakausha mbegu zake juu ya gazeti. Mbegu hizo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Wewe pengine ulizijua tangu utoto. Mimi niliziona kila Machi zikiota kwenye vikombe dirishani, na sikuwahi kujiuliza zinatoka wapi. Nilikuwa nimezivuna hoho zote. Na nilikuwa nimezichoma zote, na mbegu iliyopita motoni haioti.

Babu hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaliangalia shamba kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akapita kwenye kile kilango kidogo, akaingia. Tangu Mei hakuwa ameingia humo.

Nilimfuata. Tulipita mstari kwa mstari, tumeinama, tukiinua majani. Bibi Zagorka alishika mistari ya upande wa pili bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza alikaa kimya. Mashina yote nilikuwa nimeyavuna vizuri mno. Mimi nikilia huwa natokwa na makamasi, kwa hiyo nilibaki nyuma ili nisionekane. Kwenye shina la mwisho kabisa, lile lililolalia ua, Babu alipiga magoti. Kulikuwa na hoho mbili. Moja ilikuwa imetobolewa na ndege na kuoza ndani. Nyingine ilikuwa nzima, ndogo kama yai, upande mmoja nyekundu, upande mmoja bado kijani.

"Ni ndogo, Babu," nikasema.

"Ndogo, ndiyo. Bibi yako aliweka chache hivi hivi mwaka wa mvua ya mawe." Akaibeba kwa viganja viwili mpaka nyumbani.

Ajvar tuliikoroga mpaka jua likashuka. Tulipokezana mwiko, na Babu ndiye aliyesema kijiko kimeacha njia. Vidole vyangu viliwaka kwa maganda na moshi. Aliviona, akaleta kikopo cha mafuta ya maua ya bustanini, yale ya rangi ya machungwa ambayo Bibi aliyapika kwa ajili ya mikono yetu. Tulipofungua, juu ya mafuta palikuwa na alama ya kidole cha Bibi, mahali alipochota mara ya mwisho. Babu akachota pembeni, karibu na ukingo, akanipaka kidole kimoja kimoja, naye akajipaka. Alama bado ipo. Tunachota pembeni.

Hoho ile aliiweka kwenye kibao cha ukumbini, chini ya kioo, kwa kuwa dirisha la pale ndilo linalopata jua. Siku ya tatu alisimama akaitazama, akaniambia, "Ondoa hilo shuka. Kioo kiirudishie mwanga." Nikaliondoa polepole. Akajiona.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza. Sikujua kama anatania.

"Ni wewe, Babu."

"Anafanana na mtawa aliyefukuzwa." Akageuza uso huku na huku. "Chemsha maji."

Alinyoa kwa nusu saa, na sehemu ya shingo asiyoiona vizuri nilimalizia mimi. Nilimkata kidogo mara mbili. Alitokwa na machozi, lakini si kwa sababu ya wembe, na mimi niliendelea kunyoa kana kwamba sioni, maana nilidhani ndivyo angependa. Alipomaliza alijipaka mafuta yale yale mashavuni. Amekonda, Shangazi. Ukimwona usishtuke mbele yake.

Ijumaa alichuma zile dunje, matunda ya manjano ya mti ulio nyuma ya kisima, akazipanga mwenyewe juu ya kabati, kama Bibi alivyofanya kila mwaka. Sasa chumba chote kinanukia. Asubuhi nikiamka, kabla sijakumbuka lolote, harufu ile hunifikia kwanza, na kwa muda kidogo nafurahi. Halafu nakumbuka. Lakini ule muda kidogo upo, na nimeona nikuandikie kwamba upo.

Jana hoho ilikuwa imeiva pande zote. Aliikata juu ya gazeti kwa kisu cha mezani. Mbegu zilitoka chache, zipatazo thelathini, akazitenganisha moja moja kwa ncha ya kiberiti. Gazeti sasa liko juu ya kabati katikati ya dunje, na mimi nimekatazwa kupiga chafya chumbani.

Kweli yote ni hii, basi. Kahawa bado anamimina vikombe viwili. Usiku halali vizuri, namsikia akitembea. Wiki iliyopita alisahau jiko la kuni likiwa wazi, kaa likaangukia sakafuni, na kama nisingekuwa nimerudi mapema sijui ingekuwaje. Alama ya kuungua ipo, utaiona. Kwa hiyo peke yake hawezi, na mimi nikiwa shuleni Bibi Zagorka inabidi apite mchana. Nimemwomba mwenyewe, kwa sauti. Amekubali, na ameanza jana, na wameshagombana kuhusu chumvi.

Lakini uliniuliza kama anaweza kukaa hapa baridi hii, na sasa nina jibu. Anaweza, tukiwa naye. Usije na tiketi yake. Kama nimekosea, kosa ni langu na si la Baba, na uniambie mimi. Chumba kile usikiharibu, pengine siku moja atapenda kukiona.

Babu anajua nakuandikia. Uliloniuliza sijamwambia, ingawa nadhani amelijua siku nyingi, kwa sababu asubuhi hii baada ya kanisa amekuja na kikaratasi alichokikunja mwenyewe, akakiweka juu ya bahasha. Ndani mna mbegu kumi. Amesema, "Mwambie Rumena azipande Machi, kwenye kikombe, dirishani. Asiwe na haraka kama kawaida yake. Na mimi zangu nitazitia siku hiyo hiyo, tuone za nani zitatangulia." Kisha akaenda kulisha bata.

Nimezifunga kwa pamba zisipondeke njiani.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Bibi Zagorka anasema umesahau kumrudishia ungo wake tangu ulipoolewa. Msalimie Teodora, na wote wa nyumbani kwako. Novemba nitakuja kukupokea stendi hata kama nina mtihani, na chupa ya kwanza ya ajvar tumeapa haitafunguliwa kabla hujakaa mezani.

Mungu akulinde katika baridi ya huko, na katika hizo kumi akuoteshee angalau moja.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukungoja,
Višnja