Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Bwera,
Jumapili, 15 Machi 2026

Mpendwa dada Wivine,

Kabla ya salamu niruhusu nitue mzigo: sitaki kwenda Mweya. Baba sijamwambia, mama sijamwambia, hata padri sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa nikusalimu kama inavyotakiwa. Hamjambo huko Butembo? Goti la mama mkubwa linaendeleaje? Tuliposikia barabara yenu imefungwa tena, mama alilala na redio sikioni. Sisi ni wazima. Baba yuko Munkunyu kwenye mahindi. Mvua zimeanza, lakini ikifika adhuhuri mabati bado yanatuchoma kama sufuria.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ni ya mama, na kaka Tonny husoma kila ujumbe kwa sauti, kama anatoa matangazo kanisani. Kesho Mama Rachelle anavuka mpaka wa Kongo kurudi kwenu. Nitampa yeye.

Habari ya Mweya ni hii. Mjomba Blasio amenipatia kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii, na gari litanichukua Alhamisi. Baba aliniachia mlango mmoja tu: kama kompyuta niliyojiundia kwa vipande inaweza kuniletea kazi hapa, nibaki. Mwalimu Medius wa shule ya parokia ana rundo la kompyuta zilizokufa stoo, na anatafuta mtu wa kuunganisha vipande vyake apate hata mbili zinazowaka. Alisema atakuja nyumbani aitazame yangu ikifanya kazi. Ikimridhisha, ataniachia rundo lote.

Dada, unajua jinsi joto la mashine hii lilivyotusumbua. Prosesa zetu ni pacha, ulizinunua siku moja kwa mtu mmoja. Yako inakaa kwenye nyuzijoto hamsini na mbili, nawe umevaa sweta. Yangu ilikuwa ikipanda hadi themanini na kitu, halafu inajizima. Ukaniambia nifute ile dawa nyeupe iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea, nipake upya kiasi cha punje ya harage. Nilipaka, ikashuka kidogo tu. Nikageuza feni ya ubavuni, nikasogeza meza mbali na ukuta. Tonny kila akipita mlangoni anapaza sauti, "Daktari! Mugonjwa iko na homa ngapi leo?" Nikimtajia nyuzi anashika kichwa: "Uyo ni wa kulazwa ospitali Kisinga!"

Tulilaumu joto la Bwera, mimi na wewe. Kweli, kwetu kuna joto zaidi kuliko kwenu, lakini si la kuleta tofauti kubwa hivyo. Jibu nililipata siku mama alipofua vitambaa vya sebuleni. Siku hiyo kompyuta ilifanya kazi mpaka jioni bila kufika sabini.

Unakijua kile kitambaa alichokifuma kwa ajili ya kompyuta? Kinakaa juu ya kasha la mbao, palepale juu ya tundu ambalo feni inatolea joto. Hewa moto inatoka, inagonga sufu, inarudi ndani.

Utasema, si ukitoe tu. Nakitoa, dada. Kila mama akienda kisimani nakitoa, nikisikia ndoo inatua nakirudisha. Lakini kumwambia siwezi. Unakumbuka alivyoichukia mashine hii mwanzoni, akasema nimeleta mabati ya jalalani nyumbani kwake. Alinuna wiki nzima. Kisha jioni moja akachukua sindano yake na sufu, akapima kasha kwa mkono bila kunitazama. Hakuniambia, "Nimekubali." Alifuma. Kwa hiyo nikikitoa mbele yake nitakuwa ninamrudishia nini?

Jana mwalimu Medius alikuja. Nilikuwa nimeshaiwasha na juu pako wazi. Mama alipotoka jikoni na chai, akashtuka kama ameona mtoto hana nguo mbele ya askofu.

"Eh! Mugeni amekuya, na mashine iko uchi?"

Akarudi na kitambaa kipya, kizito, cheupe chenye maua ya buluu, alichokuwa akikifuma kwa siri tangu Krismasi. Akakitandaza mpaka ukingo. Mwalimu akakisifu sana. Mama akaketi, mikono mapajani, anang'aa.

Nami nikaketi mbele ya kioo nikiandika majina ya wanafunzi aliyonisomea, huku namba za joto pembeni zikipanda. Sabini na moja. Sabini na tisa. Ulimi ulikuwa mzito, unajua ninavyokuwa mbele ya wageni. Nilichotakiwa kusema ni "Mama, samahani," tu. Themanini na nane. Nikamtazama mama, alikuwa akinyoosha ua moja kwa kidole. Kioo kikawa cheusi.

"Pole, mwanangu," mwalimu akasema. "Joto hili hata mimi lingenizima." Akamaliza chai yake, akaaga kwa upole. Mama akamsindikiza, kisha akaja akanishika bega: "Si kitu. Mweya nako kuko Mungu." Tonny hakutania. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Leo wote walipokwenda misa nilisema kichwa kinaniuma, nikaiwasha bila kitambaa, nikaipa kazi nzito kuliko ya jana. Sitini na moja, na haikupanda tena. Tangu hapo siwezi kutulia. Nakaa kuandika, nainuka, naenda kuligusa kasha, narudi.

Nimeamua. Jumanne mama akiwa sokoni Mpondwe nitaipakata kompyuta kwenye boda ya Kathembo hadi shuleni, nimwombe mwalimu anipe nafasi ya pili. Nitaongea mimi mwenyewe. Akiniuliza Jumamosi ilikuwa nini, nitasema feni ilizibwa, na aliyepaswa kuona ni mimi fundi. Huo si uongo, sivyo? Naogopa, lakini Alhamisi naiogopa zaidi.

Nisalimie mama mkubwa, kaka Achille na mkewe, na bibi Kavira kama bado anaulizia wajukuu wa Uganda. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na yeyote kati yenu atakayetoka arudi akiwa mzima.

Tafadhali, dada, barua hii ibaki kwako. Mama anaweza kukupigia kuuliza kwa nini mashine ilizimika, maana anakuamini wewe kuliko mimi. Mwambie ni joto la Bwera. Yuko sebuleni sasa hivi ninapoandika, anafuma kingine, kirefu zaidi, kifunike mpaka miguu ya meza. Usimwambie kamwe.

Mdogo wako akupendaye kutoka huku ng'ambo ya mpaka,
Enid Biira