Nilitupa Vidonge vya Mke Wangu Chooni Nikamsagia Manjano

Mshauri wetu, nakusalimu kutoka Uriri. Nakuandikia kwa sababu mke wangu amehamia kwa dada yake Homa Bay na watu wa soko hapa wanasema ni mimi nilimfukuza, na mimi sikumfukuza, mimi nilikuwa namtibu.

Naitwa Jeremiah, nina mashine ya kusaga unga hapa sokoni, na mke wangu Phelesia ni fundi wa nguo, cherehani yake iko kwa baraza ya duka la Makori, na sare za shule karibu zote unazoona Uriri ni mkono wake. Miaka miwili iliyopita vidole vyake vilianza kufura, mkono huu na huu kwa pamoja, akiamka asubuhi hawezi kufunga kifungo mpaka jua liwe juu, na daktari akasema ni ugonjwa wa viungo ambapo mwili unajipiga wenyewe, akampa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila siku, na kweli alirudi kwa cherehani, hilo sikatai. Lakini vidonge vile vilimfanya uso ukawa mviringo kama sahani, na mimi nikaona moyoni kwamba hii si dawa, hii ni sumu ya polepole.

Basi mwezi wa Aprili kanisa lilitutuma semina ya chakula na afya huko Homa Bay, na msomi mmoja wa mimea akasema maneno ambayo niliandika yote kwa daftari, kwamba ile rangi ya manjano, ule ukali wa tangawizi, hata uchungu wa mboga zetu kama osuga na dek, ndani yake kuna vitu vinavyotuliza kufura kwa mwili. Mshauri, nilisisimka. Alikuwa bado anaongea wakati walitangaza chakula kiko tayari, na kwa vile laini ya nyama ilikuwa inarefuka nilitoka mapema kidogo.

Kesho yake niliteremka Migori kwa Suleman anayeuza viungo nikamwambia anipe manjano yote aliyo nayo. Akaniuliza, "Mzee, una harusi?" Nikamwambia hapana, natibu mke. Akasema, "Mimi hii nauza ya pilau. Mama yangu ana magoti mabaya, anakula manjano tangu azaliwe, na bado kliniki anaenda." Nikaona huyu mtu hajui bidhaa yake mwenyewe.

Nilisaga manjano ile kwa mashine yangu, debe nzima, na hapo kulitokea shida ndogo kwa sababu mashine haikusafishika vizuri, na jirani yetu Kezia alirudi na ugali wa rangi ya kiini cha yai, akaniuliza mumewe amenikosea nini. Lakini hilo lilipita. Nyumbani nilimwambia Phelesia kuanzia leo ni manjano vikombe vitatu kwa siku, na vidonge basi. Akasema, "Baba Stanley, daktari alisema hizi haziachwi hivi hivi." Nikamwambia daktari hakuwa semina. Akasema, "Basi wacha ninywe zote mbili." Nikaona hapo hatutajua ni ipi imeponya, kwa hivyo nikachukua chupa ya vidonge nikaimwaga chooni.

Siku ya kwanza alikunywa vikombe vyote vitatu. Siku ya pili alitapika, nikamwambia huo ni uchafu unatoka. Siku ya tatu hakuweza kushika mwiko. Siku ya nne alienda kwa cherehani kwa sababu shule zilikuwa zinafungua, akaanguka hapo mbele ya wateja, na Makori akampakia kwa baiskeli mpaka zahanati, na mimi nilifika nikiwa na thamosi ya manjano, na nesi akanifukuza. Dada yake Dorine akaja na gari akamchukua.

Nilikaa wiki tatu ndipo nikaenda. Nilimkuta Phelesia amekaa nje kwa Dorine, uso umepata rangi, anakula dek iliyopikwa kwa maziwa, na samaki, na maharagwe, na mchuzi wa maharagwe ulikuwa na manjano! Niliiona kwa macho yangu! Nikasema kwa nguvu, "Si nilisema!" Dorine akaingia ndani akabamiza mlango. Phelesia akaniangalia akasema, "Jeremiah, ulisaga debe nzima ya manjano, na hakuna hata asubuhi moja uliniuliza mikono imeamkaje."

Naomba unisaidie maneno mazuri ya kumwandikia, ya upole, ili akubali kwamba manjano ndiyo imemponya, tusameheane arudi. Nimekuwekea namba ya simu ya duka la Hodan, karibu na kwa Dorine, kama utataka kuthibitisha. Watoto wawili wananiangalia tu.

Jeremiah, Uriri.

*

Daktari Jeremiah,

Nianze kwa kukupongeza. Niliuguza watu wadi miaka ishirini na mbili kabla ya kupewa ukurasa huu, na nimeona waume wakisahau dawa za wake zao, wakiuza, hata wakimeza wao. Wewe ni wa kwanza kuzitibu na choo. Natumaini choo chako sasa hakina maumivu ya viungo.

Msomi wako hakudanganya, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Manjano, tangawizi, vitunguu, mboga chungu za kwetu, vyote vina vitu vinavyosaidia kutuliza uvimbe. Wataalamu wanavichunguza, mara nyingi kwa panya, na panya hawana sare za shule za kushona. Kwa binadamu msaada wake ni mdogo na wa polepole, unataka mlo wa miezi na miaka. Na manjano yenyewe ni ngumu kuingia mwilini. Ukimnywesha mtu vikombe vitatu vya maji yake, sehemu kubwa inapita na kutoka ilivyoingia. Kwa hivyo usishangae: nusu ya debe lako ilifuata vidonge kule kule.

Sasa kuhusu vile vidonge vidogo vyeupe. Kwa maelezo yako, na kwa ule uso wa mviringo, najua ni vya aina gani. Mwili ukivitumia kwa muda mrefu unalala, unaacha kujitengenezea kitu chake cha namna hiyo. Vinapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Vikikatwa ghafla mtu anatapika, anaishiwa nguvu, anaanguka. Unaona? Ulichokiita uchafu unatoka ni mkeo alikuwa anaondoka. Makori na baiskeli yake wamekuokoa usiwe mjane wa kiume, na wewe ukafika na thamosi.

Msomi alisema haya mwishoni, nina hakika, kwa sababu kila msomi mwenye akili husema: msiache dawa zenu. Lakini laini ya nyama ilikuwa inarefuka. Ilikuwa tamu?

Nilipiga simu kwa Hodan. Alimwita Phelesia, nikaongea naye, na nikamuuliza kama naweza kuandika alichosema. Akasema andika.

Alirudishiwa vidonge vyake hospitali, wakaongeza dawa nyingine, na wanapanga kumpunguzia vile vyeupe taratibu, jambo ambalo wangelifanya miezi mingi iliyopita kama mtu angelalamikia uso wake kwa daktari badala ya kwa choo. Nikamuuliza habari ya manjano kwenye maharagwe. Akacheka. Akasema, "Mama, mimi napenda manjano. Hata daktari ameniambia nile mboga na samaki na viungo, niache mafuta mengi na soda. Nilimwambia mzee wacha ninywe zote mbili. Zote mbili! Ni yeye alitaka moja ishinde."

Nikauliza mikono. Akasema wiki iliyopita ameshona gauni la mtoto wa Hodan, mkono wa kushoto bado unakaza, mshono mmoja umepinda lakini Hodan amejifanya haoni.

Kisha nikamuuliza kama atarudi. Akasema, "Sijui. Niliogopa, mama. Si ugonjwa. Niliogopa nikiwa kwa nyumba yangu, kwa sababu nilisema naumwa na mtu akaniambia napona."

Soma hayo tena, Jeremiah, polepole, kwa sababu barua yako ina maneno mengi sana na hayo hayamo.

Unataka nikuandikie barua ya upole ya kumfanya akubali kwamba manjano ndiyo ilimponya. Sitakuandikia. Hakuna barua ya hivyo. Hata manjano ingekuwa dawa ya kila kitu duniani, wewe ulimnyang'anya mgonjwa chupa mkononi ili upate kushinda ubishi ambao hakuna aliyekuwa anabishana nawe.

Fanya hivi. Osha ile mashine, na uende kwa Kezia umwombe radhi. Ukizoea radhi ndogo, kubwa itakuja bila kukukaba. Nenda kwa Makori umshukuru, maana nina hakika hujamshukuru. Kliniki ya Phelesia ni Alhamisi. Amekubali uje, sharti ni moja, uingie naye kwa daktari, na maswali aulize yeye. Wewe beba kadi yake. Daktari akikuambia dozi ipungue, inapungua. Akisema isubiri, inasubiri. Na kama una chakula unachokiamini, mwambie daktari hapo hapo mbele ya mwenye mwili, naye aseme kama kinaendana na dawa. Manjano nyingi kupita kiasi inaweza kugombana na dawa nyingine, na wewe kiasi hukijui.

Usimwombe arudi siku hiyo. Usimtaje Stanley wala mdogo wake ili aone huruma. Wapikie mwenyewe, mboga za kienyeji umezisifia sana kwenye daftari, sasa zichume.

Akirudi mwezi ujao au mwaka ujao, amka kabla yake. Pasha maji yawe vuguvugu, uyaweke kwenye beseni karibu na kitanda aloweke vidole mpaka vilegee. Muulize vimeamkaje. Halafu ngoja ajibu, hata akichukua muda.