Jina la Kijito Chetu

Nachingwea, Jumapili

Baba, shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri.

Nimefikia kwa Mwalimu Komba, tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Jioni anacheza chesi barazani, na badala ya kete zilizopotea ameweka korosho zenye maganda. Jumamosi anaendesha baiskeli hadi kwenye kompyuta za kukodi mjini, anaandika makala za ensaiklopidia ya mtandaoni bila kulipwa hata senti. Ana sharti moja: ukimfunga, anaandika habari za kijiji chenu. Sista wa zahanati alimfunga, Marambo ikaandikwa. Muuza ufuta akamfunga, Chunyu ikaandikwa mpaka visima vyake. Sijaona mtu ambaye kushindwa kwake kunafaa watu wengi hivi.

Jana nami nilimfunga. Akafungua daftari, akauliza, "Kijito cha kwenu kinaitwaje?" Nikasema sisi tulikiita "mtoni" tu.

"Basi nitasubiri," akajibu. "Kubuni siwezi." Akaruka mstari mmoja.

Nimeona aibu, Baba. Wewe ndiye uliyetufundisha kuogelea pale. Niandikie jina lake kwa herufi kubwa. Mkumbatie Mama. Ule mstari mtupu ni wako.

Mwanao,
Veronika