Madirisha ya Chumba cha Mama

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia.

Unamjua Kaka Vipimo wa ofisini kwetu, yule anayepita majumbani na vikopo vya kupimia radoni, ile gesi inayotoka kwenye mwamba chini ya nyumba na kuharibu mapafu. Mama yake si tulimzika mwezi uliopita, saratani ya mapafu? Mama ambaye hajawahi kushika sigara!

Wiki iliyopita akaweka kikopo chumbani kwa marehemu. Leo majibu yametoka: mara tisa ya kiwango cha hatari. Mara TISA. Na miaka sita nyuma alipima chumba hichohicho, kikaonekana safi, akamwambia mama yake, "Lala bila wasiwasi."

Akampigia dada yake palepale mbele yetu, simu kwenye spika. Dada akasema, "Kaka, safari ile ulipopima, mama alishinda na madirisha wazi siku zote nne kikopo kilipokuwa chumbani. Alisema hataki ukija ukute chumba kinanuka uzee."

Madirisha wazi! Gesi yote ilikuwa inatoka nje.

Kaka akafukua fomu ya zamani. Panapoulizwa kama madirisha yalifungwa, ameweka tiki mwenyewe. Kila nyumba tunauliza, mwenzangu. Kwa mama yake akajaza tu.

"Mbona hukuniambia?" Kaka akamuuliza dada yake.

"Ungeambiwa saa ngapi, kaka? Mama alikuwekea kiti. Ulichukua kikopo chako ukaondoka, hata hukukaa."